Taa za Ziwani Chini ya Miembe ya Ujiji

Kazi iliyonilisha mimi na aila yangu tangu ujana hadi uzee ni kazi ya taa, na taa zenyewe si za majumbani wala za barabarani, bali ni zile zinazobebwa kila jioni hadi mialoni ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, zikapakiwa mitumbwini na kwenda kuwashwa mbali katika Ziwa Tanganyika, ili dagaa wazifuate na wavuvi wapate riziki. Mgeni afikaye Kigoma kwa gari moshi, akasimama usiku usio na mwezi juu ya kilima chochote cha mji wetu na kutazama magharibi, aghalabu huuliza ule ni mji gani unaong'aa juu ya maji, naye huambiwa kwamba hapana mji pale, ni watu walio kazini. Wageni hao huisifu sana mandhari ile, na sifa zao ni za haki. Walakini mimi sikupata kuitazama kwa macho ya mgeni, kwa kuwa nilizijua taa zile kwa pampu zake, kwa matundu yake, na kwa majina ya wenyewe ambao walikuwa bado hawajanilipa.

Nilizaliwa Ujiji mwaka 1955, katika nyumba ya udongo isiyo mbali na njia ya kale ambayo misafara ya pembe na ya watumwa ilipita kwenda na kurudi Tabora. Baba yangu, Mola amrehemu, alikuwa Mmanyema kwa nasaba na mvuvi kwa kazi, na uvuvi alioanzia ulikuwa wa moto: kuni ziliwashwa mbele ya mtumbwi, na dagaa walipokusanyika chini ya mwanga walichotwa kwa lusenga, yaani kimia chenye mpini mrefu. Katika miaka ile ile ya utoto wangu taa za karabai zilienea ziwani, nyavu za kuinuliwa zikaja pamoja na mitumbwi iliyofungwa ubavu kwa ubavu kwa boriti, na moto wa kuni ukaondoka bila ya mtu kuuaga. Baba aliona mapema jambo ambalo wengi waliliona baadaye, ya kwamba mvuvi wa moto hakuhitaji mtu ila mwenye shoka, lakini mvuvi wa karabai atamhitaji fundi maisha yake yote. Akaiuza lusenga yake, akanunua koleo, tupa na sindano za kuzibulia, akatandika jamvi chini ya mwembe kungoja wateja, na wateja wakaja.

Karabai ni chombo kinachostahiki taadhima. Mafuta ya taa husukumwa kwa hewa ya pampu, hupanda katika bomba lenye moto, hugeuka mvuke, hupenya katika tundu jembamba mno, kisha huwaka ndani ya kifuko cha nyuzi ambacho, kikishaungua mara ya kwanza, hubaki majivu matupu yaliyosimama, na majivu hayo ndiyo yatoayo nuru. Mwanzilishi wa siri hiyo alikuwa Mwaustria, Carl Auer von Welsbach, mwaka 1885, na baadaye akaikamilisha kwa kuchanganya chumvi za madini ya thori na seri. Kisha mafundi wa Berlin wakaunda taa ya Petromax, ambayo jina lake lilifika katika vijiji vya ziwa letu kabla ya majina ya wafalme wengi. Hayo niliyasoma uzeeni. Utotoni nilichokijua ni kwamba kifuko kilichokwisha kuungua hakiguswi hata kwa pumzi, na mwenye kukigusa hulala bila chakula.

Baba alifundisha kwa sheria moja iliyowashangaza wateja wake: taa haijaribiwi mchana. Hata mwenyewe awe na haraka ya namna gani, taa iliyotengenezwa asubuhi ilingoja hadi baada ya sala ya isha, ndipo tukashuka nayo mwaloni, tukaipasha kwa spiriti, tukaipiga pampu na kuiwasha juu ya maji. Hapo alinikataza kuitazama.

"Mwanangu," aliniambia, "ukiitazama taa itakupofusha, na hutajua lolote. Geuza uso. Tazama nuru inakoishia, kisha tazama nani anakuja."

Kwa muda mrefu nilidhani maneno hayo ni ya kuchosha watoto. Ikanipasa kukua, na kutumwa ziwani pamoja na wavuvi ili nitengeneze taa zao huko huko zilikoharibikia, ndipo nikafahamu kwamba katika maneno yale ulikuwamo ufundi wote. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673, na kina chake hufika mita 1,470, hata duniani hapana ziwa lenye kina zaidi ila Baikal. Katika maji mengi namna hiyo samaki hatafutwi, huitwa. Jua likishatua, vijidudu vidogo vya majini hupanda kutoka vilindini, dagaa huvifuata ili wavile, na migebuka huwafuata dagaa kwa nia iyo hiyo. Taa hukusanya mfululizo huo wote mahali pamoja. Lakini haiwakusanyi katikati ya mwanga; wale wa kwanza husimama pembezoni, mahali nuru na giza vinapogawana mpaka, wakazunguka kwa hadhari, na mvuvi mjuzi huwaleta karibu kwa kuzipunguza taa zake kidogo kidogo hata wote wabaki chini ya taa moja, juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu hapana taa iwezayo kushindana nao. Siku hizo mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na fundi wa taa hupata kazi nyingi zaidi kuliko siku nyingine za mwezi.

Nilirithi jamvi la baba, nikalihamishia Kibirizi, nikalijengea kibanda cha mabati. Kuhusu miaka ile ya katikati sina mengi ya kusimulia, maana siku za fundi mwenye wateja hufanana. Niliona vita vya nchi jirani vikileta wakimbizi mialoni, niliona bei ya vifuko ikipanda na kushuka, nikaoa, nikasomesha. Habari inarejea kuwa na ladha mwaka 2011, serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili wafanyabiashara wasiendelee kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema kwa wenye magari, lakini ziwani ilimfanya kila mwenye mtumbwi aketi na kalamu; na kwa kuwa wakati huo taa za LED zenye betri na za sola zilikuwa zimeanza kufika madukani, hesabu ikawaonyesha wavuvi njia. Taa hizo nyeupe zinatokana na nuru ya buluu ambayo wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa kwayo Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Nami nilipoisikia habari hiyo redioni nilikuwa nimekaa katikati ya karabai ambazo wenyewe walikuwa wameahidi kuja kuzichukua na hawakuja tena.

Umri wangu ulikuwa unakaribia sitini. Vijana walinishauri niuze samani za zamani, nami nikawaomba wanifundishe volti na ampea. Nilijifunza kwa mjukuu wa rafiki yangu, ambaye alinistahi mno hata akaona haya kunisahihisha, ikawa lazima nimpe idhini kwa kinywa changu mbele ya mama yake. Nilipofahamu kwamba umeme nao husukumwa, huzuiliwa na hupenya mahali pembamba, khofu ikaniondoka. Nikaendelea na kazi ile ile kwa vyombo vingine, na sheria ya baba sikuivunja.

Basi tukafika mwaka 2024. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uvuvi upande wetu ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Sitabishana na hekima ya jambo hilo, kwani mtu aliyeishi mwaloni hahitaji kitabu cha kumwambia kwamba dagaa wamepungua. Nasema tu hali ilivyokuwa: mitumbwi ilivutwa mchangani, taa zikawekwa mvunguni mwa vitanda, chanja za kuanikia dagaa zikabaki wazi, wanawake wa Katonga wakakosa cha kugeuza juani, na mimi nikawa fundi asiye na mteja. Ndipo wazee wa mtaa mmoja wa Ujiji waliponijia, wakaniuliza ikiwa zile taa zilizolala zaweza kufanya kitu katika bustani yao.

Bustani yenyewe haina jina la kuandikwa. Ni kipande cha ardhi chenye miembe mikongwe, kando ya njia iteremkayo kuelekea ziwani, na watu husema tu "kwenye miembe". Wageni hawaifiki, maana wao huongozwa moja kwa moja hadi kwenye jiwe la ukumbusho wa David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, wakaziona na zile sanamu mbili ndani ya makumbusho zikivuliana kofia, wakapiga picha na kurudi Kigoma kabla ya jua kutua. Na wenyeji nao walikuwa wameiacha, kwa sababu ambayo mizizi yake ni mirefu. Zamani za mabwana hao wawili maji yalifika karibu zaidi na mji. Mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo na ambao ndio mlango wa kutokea wa maji ya ziwa, ulikuwa umezibwa kwa matope na majani, ziwa likajaa. Takriban mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kwa kiasi cha mita kumi. Pwani ikaukimbia mji. Kisha Wajerumani wakaifikisha reli mwaka 1914, si Ujiji, bali kwenye ghuba ya Kigoma yenye kina kinachofaa meli, na biashara nayo ikahama. Bustani iliyokuwa njiani ikawa pembeni. Mchana mbuzi waliishika. Usiku haikushikwa na mtu.

Vijana wa mtaa walikuwa na shauri lao tayari. Walitaka taa kubwa mbili za kumulika, moja kila upande, na vipaza sauti, na muziki. Sikuwapinga papo hapo, kwa sababu kijana aliyepingwa mbele ya wazee hafanyi kazi kesho yake. Niliwaambia sheria ya baba yangu, kwamba taa haijaribiwi mchana, kwa hiyo na tuketi kwanza pale penye giza tuone nani anakuja. Tuliketi. Baada ya magharibi walipita wanawake waliotoka sokoni, wakaongeza mwendo walipofika kwenye miembe. Watoto wa chuo, wakitoka kusoma Kurani, walipita wakiimba kwa sauti kubwa, na kila aliyepata kuwa mtoto anajua sababu ya kuimba namna ile. Mzee mmoja alipita akakohoa kikohozi cha makusudi. Hapana aliyeketi, ijapokuwa kivuli kile na upepo ule mchana vingetafutwa kwa fedha.

Nilichokitambua usiku ule kiliamua umbo la kazi yote. Watu hawakuwa wakilikimbia giza, maana Ujiji ni mji uliolelewa gizani na hata leo umeme ukikatika hapana anayepiga kelele. Walikuwa wakikimbia kutojua nani yumo gizani. Kwetu mtu hampiti mtu bila ya salamu, na salamu ina daraja zake: mkubwa huamkiwa kwa shikamoo, hirimu husalimiwa kwa maneno ya hirimu, mdogo hungojewa aanze yeye. Gizani daraja hizo hupotea, ulimi hukosa la kusema, na mtu muungwana huona bora apite upesi kuliko kumkosea adabu mzazi wa mtu. Taa kubwa za kumulika zisingeponya jambo hilo, kwa kuwa mwenye kumulikwa machoni haoni mtu; zingeigeuza bustani kuwa uwanja, na waliotaka faragha ya mazungumzo wangehamia gizani kwingine. Nilitaka taa itakayotoa habari moja tu, kwamba hapa yuko mtu, na mtu mwenyewe ni huyu.

Kwa hiyo tuliunda banda la pande nane, wazi kila upande, lenye nguzo za mianzi na paa la chanja za dagaa ambazo akina mama wa Katonga walitukopesha kwa sharti kwamba hazitatobolewa wala kukatwa. Kila upande tuliweka benchi la mbao, na juu ya kila benchi tukatundika taa moja ya mtumbwini, kwa kimo cha kuangaza uso wa aliyeketi bila ya kumchoma macho, nayo tuliifunika kwa bati upande wa nje ili mpita njia aione sura, asiione taa. Taa hizo hazikuwaka zenyewe. Chini ya ubao wa benchi, ambao tuliuacha ulegee kidogo juu ya springi, tulifunga swichi ya breki ya pikipiki, ile ambayo dereva wa bodaboda akikanyaga breki ya nyuma huvutwa na kuwasha taa nyekundu. Inauzwa kila duka la vipuri, si ghali, na imeumbwa kwa ajili ya vumbi na mitikisiko. Mtu akiketi, ubao unashuka, swichi inavutwa, taa inawaka. Akiondoka, inazimika.

Katikati ya banda tulining'iniza taa ya tisa, kubwa kuliko nyingine, na hiyo haikuwashwa na mtu mmoja. Waya wake ulipita katika swichi za mabenchi yaliyotazamana, moja baada ya nyingine, hata umeme usiweze kuifikia ila mabenchi yote mawili yawe na watu. Mabenchi yalikuwa jozi nne, na kila jozi ilikuwa na njia yake ya kuifikia taa hiyo. Betri mbili za volti kumi na mbili zilikaa katika sanduku lenye kufuli, fyuzi kwa kila waya, na paneli ya sola iliyokuwa ikikaa juu ya nyumba ya mwenye mtumbwi mmoja ikahamishiwa juu ya ukuta wa jirani. Hayo ndiyo yote. Fundi mgeni aliyekuja kutazama aliuliza kompyuta yake iko wapi, nikamwonyesha springi.

Nakiri kwa furaha kwamba watoto waliielewa kazi yangu kabla ya watu wazima. Usiku wa kwanza, kabla ya mzee yeyote kuthubutu kuketi, walikwisha kugundua kwamba taa ya katikati inahitaji wawili, wakaanza kukimbizana kutoka benchi hadi benchi na kuitana kwa majina. Na kabla ya wiki kwisha walikwisha kugundua pia kwamba jiwe zito halitofautiani na mtoto mbele ya swichi. Wazee walitaka mawe yaondolewe. Nikawasihi wayaache, kwani mtoto aliyelidanganya banda kwa jiwe alikuwa ameufahamu umeme wake wote, na mwalimu asingemfundisha upesi zaidi.

Wacheza bao walihamia baada yao, wakajitwalia jozi moja ya mabenchi. Hapo pakazuka ugomvi wa aina ambayo sikuitazamia, kwa kuwa aliyeshindwa alikuwa akisimama kwa hasira, na kwa kusimama kwake taa ya katikati ikazimika, ikawa kushindwa kwake kunatangazwa hadi njiani. Baadhi yao walidai nibadilishe waya. Nilikataa, na nadhani nilifanya insafu, maana baada ya siku chache nilisikia kwamba watu wanajifunza kushindwa wakiwa wameketi.

Dhoruba za vuli hazikuwapo, kwani ulikuwa msimu wa kiangazi, lakini upepo wa kusini, ambao miezi ile hulichafua ziwa hata maji ya chini yakapanda juu, ulizitikisa chanja za paa na kuzitawanya nuru zake mchangani. Tukazikaza kwa nyuzi za nyavu, ambazo mafundi wake nao walikuwa hawana kazi, wakaja kwa hiari. Harufu ya dagaa haikutoka katika chanja zile kwa muda wote huo, na paka wa mtaa waliketi kila jioni chini ya paa wakitazama juu kwa subira kubwa. Maalimu wa chuo alikuja kuuliza kuhusu vijana wa kike na wa kiume. Tukakubaliana naye kwamba sanduku la betri litafungwa saa nne ya usiku, na ufunguo akaushika mama mmoja muuza vitumbua, mtu ambaye hapana kijana wa mtaa ule awezaye kumbembeleza. Usiku wa mwezi mpevu hatukuwasha kabisa. Wengine walinung'unika, lakini mimi sikuzoea taa ishindane na mwezi, na watu waliokwisha kuzoea kuketi pale waliketi, wakaonana vizuri.

Mvuvi mmoja wa makamo, ambaye taa zake mbili tulizifunga upande wa ziwani, alikuja kila usiku akaketi chini yake peke yake. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba amezinunua taa zile kwa jasho lake, amezifanyia kazi kila usiku wa giza, na hajapata kukaa chini yake akiwa mkavu. Katika sifa zote nilizopata kwa kazi ile, hiyo ndiyo niliyoiamini.

Alikuja pia bwana mmoja msomi wa ujenzi, mtu muungwana, akalizunguka banda, akakaa, akasimama, akanihimiza niandike maombi ili lijengwe kwa zege na chuma, likae milele. Nilimshukuru, nikakataa, na sababu zangu nitazieleza, maana wapo walioniona mkaidi. Taa zile zilikuwa amana, na chanja zilikuwa amana. Riziki ya nyumba kadhaa ilikuwa imetundikwa pale juu kwa miezi mitatu, na mwenye kukopa kwa maneno ya muda hana haki ya kujenga kwa nia ya milele. Fauka ya hayo, kitu cha zege hudai mlinzi, rangi na bajeti, na siku vitu hivyo vikikosekana bustani hubeba maiti. Wala sioni aibu katika kitu cha kufunguliwa. Meli yetu Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa hadi Dar es Salaam kwa bahari na hadi Kigoma kwa reli, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi, na kwa ajili ya grisi ile Waingereza walioiopoa mwaka 1924 waliweza kuirejesha safarini mwaka 1927. Mji uliolishwa na meli namna hiyo unapaswa kujua faida ya kufungua kitu kwa adabu. Nami swichi zangu nilizipaka grisi.

Tulilifungua banda siku chache kabla ya tarehe 15 Agosti, kwa sababu wenye taa walihitaji kuzijaribu, na waliniletea nizijaribu kwa sheria niliyoizoea, baada ya isha, juu ya maji. Chanja zilirudi Katonga zikiwa nzima. Mianzi ilikwenda kwa yule mama wa vitumbua, akajengea kibanda chake. Mabenchi yote manane yalibaki pale pale kwenye miembe bila ya springi wala waya, na wazee wa mtaa waliomba yasiondolewe. Bao linachezwa hapo hadi leo kwa mwanga wa simu, na wanawake watokao sokoni huketi kupumzisha mizigo.

Mimi sasa sitengenezi tena ila taa za majirani, macho yakiruhusu. Mjadala kuhusu kusimamishwa kwa uvuvi bado unaendelea mialoni, na msimu wowote ziwa litakapofungwa taa zitalala tena mvunguni. Kwa hiyo naliandika hili pia kwa manufaa ya mafundi vijana wa Kigoma na wa kwingineko wenye bustani, uwanja au kituo cha basi ambacho watu hukipita mbio baada ya magharibi. Swichi za breki, springi zake na mchoro wa nyaya vimo ndani ya sanduku kibandani kwangu Kibirizi. Atakaye kuviazima na aje avichukue bila malipo, kwa sharti lile lile la akina mama wa Katonga: avirudishe vikiwa vizima.